Maswali yenu kuhusu mvua na upepo wa Kilifi

Swali: Nataka kuleta watoto Watamu, mwezi gani mzuri?

Inategemea dada yangu mnataka nini. Kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) ikivuma, yaani kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, bahari inatulia na maji yanakuwa safi unaona mpaka chini, lakini joto la Februari na Machi ni kali sana, usiku feni haizimwi. Julai na Agosti kuna ubaridi mtamu ila kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshika na mawimbi ni makubwa, watoto wasiachwe peke yao majini. Mei usije, ndio mwezi wa mvua nyingi kushinda yote.

Swali: Nilipanda mahindi mvua ya kwanza ya Machi yakakauka yote, nimekosea wapi?

Pole sana. Hujakosea peke yako, wengi tunadanganywa na zile za Machi manake zinanyesha siku mbili halafu jua wiki mbili. Mvua yenyewe ya mwaka (bara wanaita masika) huku kwetu inashika Aprili, Mei ndio inamwaga, Juni inapungua halafu unabaki na mchoo (vimvua vidogo) wa hapa na pale. Ngoja udongo ulowe mpaka chini, chimba kwa jembe uangalie, ukiwa juu maji na chini vumbi usipande bado. Vuli ya Oktoba mpaka Disemba nayo kwa ukanda wetu ni ndogo, usiitegemee kwa mahindi ya muda mrefu, weka kunde ama pojo.

Swali: Mtwapa kunanyesha, sisi Bamba jua tu. Kwa nini na ni kaunti moja?

Kwa sababu mvua yetu inatoka baharini, na kadiri unavyoiacha pwani ndivyo inavyopungua, Mtwapa kwa mwaka wanapata kama milimita elfu moja na nyinyi huko Bamba, upande wa Ganze, mnapata kidogo sana kuliko hapo. Hili linaniuma kwa kweli, manake mtu akisema Kilifi kumenyesha anaangalia barabara ya Malindi ya kando ya bahari tu, na kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022 misimu mitano mfululizo ilikataa, ng'ombe wakafa na kina mama wakawa wanatembea masaa kutafuta maji. Mabati mnayo, wekeni mifereji na tangi, hata mvua ya nusu saa inajaza mitungi kadhaa.

Swali: Sabaki inafurika na hapa Magarini hakujanyesha, inakuaje?

Maji hayo si yenu. Sabaki ndio Galana, na juu yake ni mto Athi unaotoka upande wa Nairobi ukakutana na mto Tsavo, kwa hiyo bara kukinyesha sana maji yanashuka yanawafikia nyinyi siku kadhaa baadaye, kama mwisho wa 2023 wakati wa El Nino, mashamba yakaingia majini. Mkisikia Nairobi kumefurika, hamisheni mbuzi na magunia siku hiyo hiyo, msingoje wingu la kwenu.

Swali: Mimi ni mvuvi wa mtumbwi, kusi inaisha lini?

Septemba inaanza kulegea kaka, Oktoba na Novemba ni maleleji, upepo hauna upande maalum na hapo mtumbwi unaweza kutoka nje ya mwamba. Kabla ya hapo vua ndani.