Maswali ya Wasomaji: Kuhamia Shahada ya Uuguzi ya Muda Mfupi

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Kisauni. Mwaka 2016 nilihitimu shahada ya biokemia katika chuo kikuu kimoja hapa Kenya nikapata daraja la pili la juu, lakini kazi ya kuuza vifaa vya maabara niliyoifanya tangu hapo haikuniridhisha, na mwaka jana nikajiunga na shahada ya uuguzi ya miaka minne katika chuo kimoja cha Pwani, kwa kujilipia mwenyewe. Nimebakisha mitihani ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Kaka yangu anayeishi Minnesota ananiambia kwamba huko Marekani mtu mwenye shahada nyingine huweza kuhitimu uuguzi kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na ananisihi nihamie huko sasa hivi bila kungoja. Je, mwaka niliousoma hapa utahesabiwa? Shahada yangu ya zamani bado ina thamani? Na je, nitaweza kufanya kazi huku nikisoma ili nimpunguzie kaka mzigo?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Kaka yako hakukudanganya, lakini habari aliyokupa ni nusu. Programu anazozisema zimekuwepo tangu mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Saint Louis kilipoanzisha ya kwanza, na leo zimeenea Marekani nzima. Nyingi huchukua kati ya miezi 11 na 18. Ufupi huo hautokani na kupunguzwa kwa masomo ya uuguzi. Mwanafunzi husamehewa masomo ya jumla kwa kuwa alikwisha kuyasoma katika shahada yake ya kwanza, likizo ndefu huondolewa, kisha darasa na wodi za miaka miwili au zaidi hubanwa ndani ya miezi michache isiyo na pumzi. Kwa sababu hiyo hakuna mlango wa kuingilia katikati. Unaomba nafasi upya kama mtu ambaye hajawahi kusomea uuguzi, unaanza siku moja na kundi lako, na ukianguka somo moja mara nyingi hulazimika kungoja kundi lijalo, kama chuo kitakuruhusu kurudi.

Basi usitarajie kwamba somo la misingi ya uuguzi ulilolisoma hapa, wala saa ulizozitumia wodini ukijifunza kupima shinikizo la damu na kufunga vidonda, zitahesabiwa. Mtaala wa kila chuo cha uuguzi, pamoja na saa zake za mafunzo ya vitendo, huidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo lake, na chuo ndicho kinachomthibitisha mhitimu mbele ya bodi hiyo kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN. Ni nadra chuo kutia sahihi juu ya mafunzo ambayo hakikuyasimamia. Hata Mmarekani anayetaka kuhama kutoka programu moja ya aina hii kwenda nyingine hukutana na kizuizi hicho hicho.

Faida ya mwaka wako iko kwingine, na sidhani kaka yako ameiona. Kabla ya kupokewa, mwombaji hutakiwa awe amesoma kozi fulani za msingi: anatomia na fiziolojia ya binadamu pamoja na maabara yake, mikrobiolojia pamoja na maabara yake, kemia, takwimu, na mara nyingi lishe na saikolojia ya makuzi ya binadamu. Shahada yenyewe haichakai. Ile ya 2016 inatosha kabisa kutimiza sharti la kuwa mhitimu. Kozi za sayansi, hata hivyo, zina umri wake, kwa maana vyuo vingi hutaka ziwe zimesomwa ndani ya miaka mitano au saba iliyopita, na fiziolojia uliyoisoma kabla ya 2016 itaonekana imepitwa na wakati hata kama bado unaikumbuka yote. Hapa kwetu anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia hufundishwa mapema katika shahada ya uuguzi, kwa hivyo yale uliyoyasoma mwaka huu ndiyo yanayoweza kujaza pengo lile ambalo shahada yako ya biokemia haiwezi tena kulijaza. Lakini kozi isiyo na mtihani haina alama, na kozi isiyo na alama haihamishiki. Ukiondoka leo kama kaka anavyokuhimiza, utakuwa umelipa karo ya mwaka mzima na kuiacha karo hiyo hapa Pwani.

Ukimaliza mitihani, usijitoe chuoni. Andika barua ya kuomba kuahirisha masomo, ili nafasi yako ibaki wakati unashughulikia maombi. Sambamba na hayo, iombe ofisi ya msajili wa masomo, katika vyuo vyote viwili, transkripti rasmi, na uziombe idara husika muhtasari wa kila kozi ya sayansi uliopigwa muhuri, unaoonyesha mada zilizofundishwa na saa za maabara. Transkripti zetu aghalabu hutaja jina la kozi na alama tu, na afisa wa Marekani asiyeona neno maabara popote atachukulia kwamba maabara haikuwepo. Ni kazi ya kuzungukia maofisi, nakiri, na pengine utaambiwa urudi kesho mara kadhaa, lakini karatasi hizo zitakupunguzia kurudia kozi nzima.

Transkripti hizo hupelekwa kwa taasisi za kutathmini vyeti vya kigeni, kama vile WES na ECE, na kwa kawaida hutakiwa zitumwe na chuo chenyewe, si na mwanafunzi. Omba tathmini ya kozi moja moja, si ile ya jumla inayosema tu kwamba una shahada. Pia usikubali mtu yeyote azisome alama zako kwa kipimo cha Kimarekani bila tathmini: katika vyuo vyetu vingi A huanzia 70, ilhali huko mwenye 70 huhesabiwa kuwa na C. Programu nyingi hutaka wastani usiopungua 3.0 katika kipimo cha 4.0, yaani kiasi cha B, na mwenye daraja la pili la juu hana sababu ya kuliogopa sharti hilo. Vyuo vingine huongeza mtihani wa kujiunga uitwao TEAS, na vingine hudai mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, hata kwa mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi.

Sasa tuje kwenye visa, ambako ndoto nyingi za aina hii hukwama. Programu kadhaa zinazotangazwa sana ni za mseto: nadharia husomwa mtandaoni, kisha mwanafunzi hufika chuoni kwa ajili ya maabara na wodi tu. Mwenye visa ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi kuhesabu zaidi ya somo moja la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu, katika masomo yake ya lazima ya kila muhula, na kwa hiyo vyuo vya mseto kwa kawaida havimpokei mwombaji wa visa hiyo. Kabla hujalipa ada yoyote ya maombi, kiandikie chuo swali moja: je, mnatoa fomu I-20, ile ya chuo ambayo mwanafunzi huiombea visa, kwa programu hii hasa? Chuo kinaweza kutoa fomu hiyo kwa shahada ya kawaida na kisiitoe kwa ile ya muda mfupi. Uliza pia kama programu imeidhinishwa na CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi, na kama jibu ni la kuzungukazunguka, tafuta kwingine.

Kuhusu kazi, sitakuficha: hesabu kwamba hutafanya. F-1 huruhusu kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, ila ratiba ya programu hizi haiachi hata saa hizo, na vyuo vyenyewe huwashauri wanafunzi wao wasifanye kazi. Huenda ukasikia kwamba wenzetu wengi huko hulea wazee usiku kwa malipo ya mkononi. Kufanya kazi nje ya chuo bila idhini ni kuvunja masharti ya visa, na leseni ya uuguzi uliyoifuata haitakusaidia ukishapoteza haki ya kukaa. Kaka yako atatakiwa aonyeshe kwa maandishi, ikiwemo taarifa ya benki, kwamba fedha za karo na matumizi ya mwaka wa kwanza zipo. Ndipo I-20 itolewe, ulipe dola 350, ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na uende Nairobi kwa mahojiano ubalozini. Mzigo huo mzungumzeni waziwazi yeye na wewe, na mkewe akiwepo, kabla ya barua ya kwanza kuandikwa.

Kuna dogo la afya ambalo huwashtua Wakenya. Wanafunzi wa uuguzi hupimwa kifua kikuu kabla ya kuingia wodini, na kwa kuwa wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, kipimo cha ngozi kinaweza kuonyesha dalili bila ugonjwa. Omba kipimo cha damu.

Na ukikusudia kurudi kufanya kazi nyumbani, jua kwamba shahada ya uuguzi ya Kenya hujumuisha ukunga, lakini ya Marekani haimtoi mhitimu akiwa mkunga. Baraza la Wauguzi la Kenya litayapima masomo yako kabla ya kukusajili, na pengo hilo litaonekana. Kama moyo wako uko kwenye hospitali zetu za Pwani, ningekushauri umalize miaka mitatu iliyobaki hapa hapa.

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye stashahada ya KRCHN (uuguzi wa afya ya jamii), nafanya kazi katika zahanati huko Likoni. Nami naweza kujiunga na programu hiyo ya muda mfupi? — Msomaji wa Likoni.

JIBU: Hapana, kaka, na huihitaji. Programu hiyo imewekewa wahitimu wa fani nyingine ambao si wauguzi. Wewe tayari ni muuguzi. Ukitaka shahada, vyuo vikuu vya Kenya vina njia ya kujiendeleza kwa wenye stashahada, ambayo ni fupi kuliko miaka minne ya anayeanza. Ukitaka kufanya kazi Marekani, yapo majimbo yanayokubali stashahada kwa ajili ya NCLEX-RN, maadamu tathmini ya vyeti inaonyesha nadharia na vitendo katika tiba ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto na afya ya akili. Tathmini hiyo hufanywa na shirika lililojulikana kama CGFNS, ambalo sasa linaitwa TruMerit, na shirika hilo hutaka Baraza la Wauguzi lithibitishe leseni yako moja kwa moja. Kwa hiyo ihuishe leseni kwanza, ndipo uanze maombi.