Mabaki ya Bahari Kileleni

SWALI: Mhariri, nasikia kilele cha Everest kina mabaki ya viumbe wa baharini. Yalifikaje huko? – Msomaji, Likoni, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, ni sakafu ya bahari yenyewe iliyopanda. Bamba la ardhi lililobeba India lilisogea kaskazini hadi, yapata miaka milioni 50 iliyopita, likagongana na lile la Asia, na matabaka ya mawe ya chokaa (zao la bahari, kama yalivyo matumbawe yaliyojenga Ngome ya Yesu hapa kwetu) yakabanwa, yakakunjamana na kuinuka mithili ya jamvi linalosukumwa kutoka ncha zote mbili. Ndivyo ilivyozaliwa Himalaya, safu ya milima ulimo Everest, na msukumo huo haujakoma. Kilimanjaro, jirani yetu, si wa ukoo huo. Mlima wetu ulijengwa na volkeno.