Kabla hujapitisha waya kwenye chupa

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza taa kwa chupa tupu, kazi zenu nazipenda, lakini kuna makosa nayaona yakirudi kila kundi jipya linapoingia, na mojawapo linaweza kuua mtu.

1. Chupa haitobolewi kavu. Biti ya almasi hukata kwa kusaga, na kusaga kunaleta joto. Kioo kikipata moto upande mmoja huku kwingine ni baridi, kinapasuka. Kwa hiyo maji muda wote, drili iende polepole, na ile swichi ya nyundo, inayofanya drili igonge, izimwe kabisa. Tumieni drili ya betri, kwa sababu ya hayo maji. Ilaze biti kidogo mpaka ishike, ndipo uisimamishe. Karibu na kutoboka punguza mkono: wengi mnavumilia mwanzo mpaka karibu na mwisho, kisha mnakandamiza, na kitako kinamegeka. Maji pia yanatuliza vumbi, na vumbi la kioo si la kuvuta. Miwani ya kinga siibembelezi, vaeni.

2. Wa kukata chupa: mstari mmoja wa kikata kioo, mara moja. Ukirudia juu ya mstari, ufa unapotea njia. Kisha mwagieni mstari huo maji ya moto na ya baridi kwa zamu. Ile njia ya kuzungushia uzi na kuuwasha kwa kiberiti achaneni nayo.

3. Ukingo wa tundu. Hapa naomba mtulie.

Kijana mmoja, na ana mikono mizuri kweli, alileta taa ya mezani ya chupa ya kahawia. Lebo imetoka yote, holda ya kushika balbu imekaa wima, mwanga wake mtamu. Nikamwambia aichomoe. Nikauvuta waya kidogo pale unapotokea karibu na kitako. Ganda la nje lilikuwa limekwanguka, na chini yake, kwenye waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, kulikuwa na mkato mwembamba kama unywele. Ukiunyoosha huuoni. Ukiukunja, unafunguka na shaba inang'aa. Tundu hakulipiga msasa. Kwa macho lilionekana laini, maana biti ya almasi huacha ukingo wenye ukungu unaoficha meno. Kila taa iliposogezwa au kufutwa vumbi, meno yale yalikuwa yanakula waya. Angekuwa na bahati, ni shoti na fyuzi inakatika. Asipokuwa nayo, ni mtu kashika waya. Kilichonitoa jasho zaidi ni aliposema taa nyingine ya namna hiyo ameshampa shangazi yake, iko kando ya kitanda. Tuliifuata jioni ileile.

Msasa wa maji, basi: namba 120, halafu 220, halafu 400, ndani na nje ya tundu, ukiwa umelowana. Kisha pitisha pamba. Ikinasa hata uzi mmoja, rudi kwenye msasa. Pamba ikipita, weka mpira wa kuzungushia tundu, kila tundu, hata lile unaloliona zuri. Ndani ya holda funga fundo ili waya ukivutwa, mzigo usiende kwenye skrubu.

4. Waya wa moto unaingia kwenye ncha ya katikati ya holda, nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwenye ukuta wenye mizunguko ya skrubu ambamo balbu hukazwa. Ukigeuza, anayebadili balbu anaweza kugusa moto.

5. Balbu ni LED tu. Balbu ya zamani ya wati 60 hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na ndani ya chupa joto halina pa kwenda. Hata LED huchoka mapema ikifungiwa, kwa hiyo acheni nafasi ya hewa.

6. Kausheni chupa mpaka ndani kabisa kabla ya waya kuingia.

Kama umeme bado unakutia hofu, usione haya kuanza na taa za kamba za betri. Betri 3 za kawaida ni volti 4.5, nyuzi zinashuka kupitia shingoni, drili haihitajiki. Utajifunza kusafisha lebo, kuchagua rangi ya kioo na kupanga mwanga. Ile ya kuchomeka ukutani, hata ukishaiva, mwonyeshe fundi umeme aipime kabla haijaingia nyumbani kwa mtu.