Picha ya Hukumu ya Paris ni ya wawili: Raphael alibuni, Marcantonio Raimondi akachonga

Wote mnaobishana kama picha hii ni ya Raphael au ya Marcantonio mna nusu ya jibu. Hukumu ya Paris hii, yaani kisa cha Kigiriki cha mwanamfalme Paris kumpa tufaha mungu wa kike aliye mzuri kuliko wenzake, ilibuniwa na mchoraji Raphael, ila aliyeichonga kwenye bamba la shaba la kuchapia picha ni mchongaji Marcantonio Raimondi, Roma, kati ya mwaka 1510 na 1520 hivi. Ushahidi umo kwenye picha yenyewe: kuza sehemu ya chini utaona Raphael wa Urbino ametajwa kuwa mbunifu, na herufi MAF, alama ya Marcantonio. Anayepewa tufaha ni Aphrodite, mungu wa mapenzi. Athena, mungu wa vita, ndiye aliyetugeuzia mgongo, kofia na ngao yake ziko chini.

Tafadhali msiwapite wale watatu walioketi pembeni kulia, miungu wawili wa mito na mwenzao wa kike. Mkao wao ndio mchoraji Mfaransa Manet aliutumia mwaka 1863 kwenye mchoro wake maarufu wa mlo wa majanini, na kwangu ndio sehemu nzuri kuliko zote.

Ila angalieni, wachongaji wengine waliinakili kazi hii, kwa hiyo si kila nakala inayouzwa imetoka kwenye bamba la Marcantonio.