Kura 54 hazikutosha

Mmeuliza wiki hii: kwa nini Wamarekani hawaafikiani kuhusu bunduki hata baada ya watoto kuuawa shuleni? Huu ni mwaka wangu wa tisa Columbus, Ohio, na mwanangu yuko darasa la pili. Amefundishwa kujikunyata pembeni ya kabati, taa zimezimwa, kimya kabisa, endapo mtu mwenye bunduki ataingia shuleni. Alinionyesha sebuleni. Nilitoka nje nikalia.

Naamini raia wa kawaida wanakubaliana kuliko tunavyoambiwa. Kinachokwama ni hesabu ya Seneti na hofu ya wanasiasa.

Desemba 14, 2012, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, Connecticut. Miezi minne baadaye maseneta Joe Manchin wa Democratic na Pat Toomey wa Republican, wote wawili wenye alama ya A, ya kirafiki kabisa kwa bunduki, kutoka NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki, walileta pendekezo dogo mno: anayenunua bunduki kwenye maonyesho au kupitia tangazo la intaneti akaguliwe rekodi yake kwanza, kama anavyokaguliwa anayenunua dukani. Hakuna ambaye angenyang'anywa bunduki yake. Uchunguzi wa maoni ulionyesha karibu watu 9 kati ya 10 wanaunga mkono ukaguzi huo. Likapata kura 54 kati ya 100 na kuanguka, maana kanuni zilitaka 60. Wademokrati wanne wa majimbo ya wawindaji, Montana na Alaska yakiwemo, walilikataa. Seneta wa Ohio wakati huo, Rob Portman wa Republican, naye alilikataa.

Ikaja Uvalde, Texas, Mei 24, 2022: watoto 19, walimu 2. Muuaji alikuwa na miaka 18, na bunduki alizinunua kihalali. Safari hii sheria ilipita Seneti kwa kura 65 dhidi ya 33, na inataka wanunuzi walio chini ya miaka 21 wachunguzwe zaidi. Warepublican 15 waliiunga mkono, Portman akiwemo. Nilifurahi, hadi nilipopitia majina. Kati ya hao 15, wawili tu ndio waliokuwa wanagombea mwaka ule. Portman alikuwa anastaafu.

Sisi Watanzania jambo hili tunalijua. Kuna kura za maoni ndani ya chama kabla ya uchaguzi wenyewe, na wengi safari yao huishia hapo. Huku nako, sehemu nyingi chama kimoja kina uhakika wa kushinda, kwa hiyo mwanasiasa hamhofii mpinzani wa chama kingine. Anawahofia wanachama wachache wanaojitokeza kwenye mchujo, ambao wengi wao wanaiona bunduki kuwa haki iliyoandikwa kwenye Katiba tangu 1791 na hawataki iguswe hata kidogo.

Jirani yangu, mzee wa Republican maisha yake yote, huenda kuwinda kila mwaka baridi inapoanza. Bunduki zake huzifungia kwenye sefu, na ananiambia ukaguzi wa dukani haujawahi kumsumbua. Nilimuuliza kama hupiga kura kwenye mchujo. Akasema hajawahi. Nikamwomba, kwa ajili ya huyu mtoto ambaye humrudishia mpira kila ukivuka ua, safari hii aende.