Bastola ndogo ya kiunoni, ipige kwanza ndo ulipe

Tangu sheria ya Texas ibadilike Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bastola bila leseni, na tangu hapo Waswahili wenzangu wa huku wananiuliza sana ninunue ipi ile ndogo ya kuficha kiunoni. Mi nawaambia nendeni renji, pale pa kufanyia mazoezi ya kulenga shabaha, mkaikodi kwanza. Ila kama uko Marekani kwa viza ya masomo au utalii hebu simama hapo hapo, sheria ya shirikisho kwa kawaida hairuhusu hata kumiliki risasi, muone mwanasheria kabla hujagusa kitu, usije ukaharibu makaratasi yako.

Mimi nilizoea Glock 19, mtutu wa inchi 4 na risasi 15. Siku moja dukani nikashika SIG P365, ile iliyotoka 2018, mtutu inchi 3 na kidogo, inabeba 10 kwenye magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, na moja chemba, yaani tayari nyuma ya mtutu, na uzito ni kama nusu kilo bila risasi. Nikaipenda palepale nikataka kutoa kadi, mke wangu akasema baba fulani hebu tuzikodi kwanza mbili tatu za saizi hiyo tuone. Namshukuru mpaka leo.

Yadi 7 tu, magazini ya kwanza, risasi zangu karibu zote zikaenda chini kushoto. Nilidhani saiti, ile alama ya kulengea, imepinda. Kumbe ni mimi, bastola nyepesi inaruka sana mkononi kwa hiyo mwili unaogopa kabla haijalia, unaisukuma chini huku unavuta triga, na mtu wa mkono wa kulia hapo ndo zinapoangukia. Dawa yake mpe mwenzio akujazie magazini achanganye risasi za mazoezi zisizolipuka bila wewe kujua ziko wapi, ukifika kwenye ile isiyolipuka utaona mwenyewe mtutu unavyoinama. Tulifanya hivyo karibu nusu saa na shabaha ikaanza kurudi katikati.

Mke wangu tatizo lake lilikuwa lingine, springi za hizi ndogo ni ngumu na slaidi, ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma, ni fupi, hakuna pa kushika vizuri, akawa anahangaika kuivuta. Alipoacha kuvuta na badala yake akaishikilia slaidi kwa nguvu mkono mmoja huku anasukuma mpini mbele kwa mkono mwingine, ikaenda. Halafu ganda la risasi iliyokwisha kulia likamkwamia kwenye slaidi likiwa limesimama wima, kisa kiwiko na kifundo cha mkono vililegea. Bastola kubwa inaweza kukusamehe hapo lakini ndogo ina kasoro hiyo, ikikosa mkono imara slaidi haimalizi safari yake. Ikikwama, mtutu ubaki kwenye shabaha na kidole nje ya triga, usigeuke kumwonyesha mtu! Na ukivuta ikalia klik tu, subiri sekunde 30 ikiwa imeelekea mbele ndo uitoe hiyo risasi.

Angalia pia kidole kidogo kinakaa wapi. Changu kilikuwa kinaning'inia hewani, tulipoweka magazini ndefu kidogo inayotokeza chini ya mpini nikawa mtu mwingine kabisa.

Piga boksi mbili za risasi za kawaida, yaani mia, ukiona mkono unauma kwenye risasi ya 60 jua mazoezi utayakwepa na bastola itakaa kabatini. Kisha piga boksi moja la zile za ncha yenye tundu utakazobeba kweli, maana kuna bastola inameza za kawaida vizuri halafu hizo inazikataa. Ukitoka nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, ni risasi ile ya madini, sumu.

Tulirudi mara tatu. Mwisho tukachukua yenye mpini mrefu kidogo, inajificha kwa shida kidogo chini ya fulana lakini wote wawili tunaipiga vizuri, na kisanduku cha chuma cha kufungia tukanunua siku hiyohiyo kwa sababu nyumbani kuna watoto.