Masaa yako yahesabu mwenyewe, usimwachie bosi

Juzi dada mmoja kaniandikia inbox kutoka Ohio, anapaka rangi kwenye saiti za yuniani, yaani chama cha wafanyakazi, kampeleka mtoto kwa daktari bima ikagoma, bosi wake anamwambia eti ni kompyuta tu. Dada yangu, sio kompyuta, mimi limenikuta hilohilo.

Huku Marekani mi ni mtu wa zege, na mi niko chama. Kwa wasiojua, kwenye kazi za chama kila saa unayopiga kazi kontrakta anatakiwa atume hela ya bima na pensheni kwenye mfuko, juu ya mshahara wako, na mfuko unaendeshwa na wadhamini nusu wa chama nusu wa waajiri, ndo sheria ya Taft-Hartley ya 1947 inavyotaka. Sasa kwa vile haikatwi kwenye cheki yako, isipotumwa huoni kitu, mpaka siku bima inagoma.

Mi niliona kwenye barua ya mfuko. Mwezi tuliomwaga zege usiku kwenye baridi mpaka vidole vinakufa ganzi, umeandikwa masaa 0. Sifuri! Nikabeba slipu zangu zote za mshahara mpaka ofisi ya chama. Mfuko ukatuma mkaguzi, kontrakta akakataa kufungua vitabu, wakamburuza mahakama ya shirikisho. Na hapo ERISA, ile sheria ya 1974 ya mifuko ya bima na pensheni za wafanyakazi, haina mchezo, mfuko ukishinda jaji lazima aamuru deni lote, riba, nyongeza ya adhabu juu yake, na wakili wa mfuko unamlipa wewe kontrakta. Akalipa kabla hukumu haijatoka, masaa yetu yakarudi.

Kilichoniuma ni wenzangu. Waliniita msaliti, eti namwaga ugali wa watu. Hata ndugu niliyemtafutia mimi ile kazi aliacha kupokea simu zangu, na masaa yake yamerudi kwa slipu zangu mimi. Najivunia, na ningefanya tena kesho.

Jamani tuache kuogopa barua! Bahasha ya mfuko ikija ifungue siku hiyohiyo, ilinganishe na slipu zako mwezi kwa mwezi. Slipu usitupe, hata moja.

Wewe dada, kesho asubuhi piga simu kwenye mfuko wenyewe, usimpigie bosi, omba rekodi ya masaa yako kwa maandishi, halafu na ile bili ya mtoto waoneshe, waulize kama wataipitia upya masaa yakirudi, maana kila mfuko una kanuni zake. Wakikuzungusha niandikie tena.